Picha ya Kuanzia Kifuani

Al-Rawdah, Jeddah
12 Februari 2016

Baba Emmah,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Ya kwanza nilimpa Japheth alipoleta mzigo huku mwezi wa kumi, ya pili wiki moja kabla ya Krismasi. Anasema zote alikutia mkononi. Nilipomuuliza, "Yuko aje?" akasema, "Yuko tu, mama," akageuka kuangalia magurudumu ya lori lake. Mtu akiulizwa habari za rafiki yake mzima haangalii magurudumu.

Simu bado mafi, hakuna, kama wasemavyo hapa. Madam anaifungia kabatini mwake na kunipa Ijumaa moja kwa mwezi, dakika kumi, nizungumze na mtoto. Mara mbili nimeiba dakika za Emmah nikajaribu namba yako. Imezimwa.

Mtoto ni mzima. Kaka yangu Jeremy anasema amekuwa wa nne darasani. Kila asubuhi anamsindikiza mpaka barabarani na magongo yake, halafu ndio anarudi kufungua kibanda chake cha kutengeneza simu pale sokoni kwetu Luanda. Mvua ikinyesha magongo yanateleza kwenye tope, lakini hajakosa siku hata moja. Mama anasema amwachie Emmah aende na wenzake. Hataki.

Nasikia umeacha kazi ya godauni. Kwa nini? Umefukuzwa? Kama umepata mwanamke huko Riyadh niambie, nitalia siku mbili kisha nijue la kufanya. Kutojua ndiko kunaniumiza. Napiga pasi kanzu za watu huku nikiwaza mpaka nachoma vidole.

Ukiandika, Japheth aache barua kwa Salim wa bakala, lile duka la kona. Yeye hunitilia kwenye mfuko wa mikate.

Mkeo,
Rispah


Olaya, Riyadh
3 Machi 2016

Mama Emmah,

Nisamehe. Hakuna mwanamke. Simu ilianguka ikapasuka, na mimi nilikuwa nimelazwa kidogo. Niliumia mguu kazini, lakini hilo limekwisha, usilitie moyoni.

Godauni niliacha kwa sababu nimepata mahali pazuri. Hutaamini. Hapa Olaya, ndani ya mol, jumba kubwa la maduka, wametengeneza ukumbi wa theluji. Nje jua linakaanga watu, wewe unafungua mlango mmoja, unafungua wa pili, na ghafla pumzi yako inatoka kama moshi wa jikoni. Kuna kilima chote cheupe, na mteremko ambao mtu akishuka na ski, zile mbao ndefu za miguuni, anafika chini kabla hujamaliza kusema jina lake. Watoto wa kitajiri wanakuja wamevaa makoti kama marobota. Mimi niko kaunta ya viatu. Mtu anataja namba, nampa jozi ya buti, anaondoka. Nakaa kwenye kiti siku nzima. Nimenenepa!

Kafili wa godauni, yule mdhamini wangu, alikubali kunihamishia kwa huyu mwenye ukumbi, kwa hiyo ikama yangu, kibali cha kukaa, iko sawa.

Mwambie Jeremy nashukuru kwa Emmah. Mwambie tu hivyo.

Mumeo,
Lawrence


Riyadh
3 Machi 2016

Japheth ndugu yangu,

Iliyofungwa ni ya Rispah. Hii ni yako, ukishaisoma ichane.

Nakuomba kwa mara ya mwisho, usimwambie. Najua ulikuwa pale hospitali, ulinishikilia beseni nilipokuwa natapika, kwa hiyo una haki ya kusema unavyotaka. Lakini nitamwambia nini? Kwamba mguu wa kulia umekatwa juu ya goti? Ataniuliza ilikuwaje. Na mimi nitajibu kwamba nilikuwa nimelala. Kila Jumamosi walitusomea, msilale nyuma ya mizigo, na mimi saa ya chakula nikaona kivuli kizuri nikajilaza. Yule Mnepali wa foklifti alirudi nyuma bila kujua kuna mtu. Alilia kuliko mimi.

Walitaka kunirudisha nyumbani. Nilikataa. Sikuogopa umaskini. Kuna mtu kule nyumbani ambaye siwezi kumtokea nikiwa kwenye magongo. Siku moja nitakueleza ni nani.

Mguu wa bandia waliniahidi, mpaka leo mafi. Nagawa viatu jozi jozi, Japheth. Cheka, mimi mwenyewe huwa nacheka.

Lawrence


Al-Rawdah, Jeddah
20 Agosti 2016

Baba Emmah,

Nimesoma barua yako bafuni mara nne. Theluji ndani ya mol! Nilimsimulia Jeremy kwenye simu, akaniuliza maswali ya mashine za baridi mpaka dakika zikaisha nikiwa sijamsikia mtoto. Anasema umeme wa ukumbi huo kwa siku moja ungewasha Luanda nzima mwaka mzima.

Picha uliyotuma pamoja nayo nimeibandika ndani ya mlango wa kabati langu, madam asipofika. Koti limekukaa. Lakini mbona umepigwa kuanzia kifuani kwenda juu? Nilitaka kukuona mzima. Nilitaka kuona kama kweli umenenepa. Nitumie nyingine umesimama juu ya hiyo theluji.

Huku wameongeza mgeni, dada yake madam kutoka Taif, na watoto. Naamka na adhana ya kwanza. Magoti yananiuma lakini bado yananibeba. Na mguu wako ulioumia? Hukuniambia ni wa kulia au wa kushoto.

Rispah wako


Olaya, Riyadh
29 Januari 2017

Mama Emmah,

Kaa chini kabla hujasoma. Mumeo ana medali.

Tuna mwalimu hapa, Mlebanoni, tunamwita Kapten Nadim. Anafundisha watoto ski. Siku moja asubuhi kabla hatujafungua aliniona nikivuka theluji kwenda kuokota glavu. Akasimama akaniangalia, kisha akaita, "Wewe wa viatu! Yalla, njoo. Nani alikufundisha kusimama hivyo?" Nikamwambia hakuna. Nilikuwa golikipa Luanda, labda ni hiyo. Akasema, "Kesho saa moja asubuhi, uje na buti."

Tangu Septemba tunafanya mazoezi kila asubuhi. Wiki ya kwanza sikushuka, nilianguka tu. Theluji inaingia mpaka kwenye meno. Mimi najua kuzuia mwili usiende, ndiyo kazi ya golikipa, na yeye anataka niuachie uende. "Usipigane na mteremko," ananifokea, "hauna ugomvi na wewe!" Siku moja ya Novemba nikaacha kupigana. Nilifika chini nimesimama. Sikujua kama nimecheka au nimepiga kelele, wafagiaji wote waligeuka.

Bosi mwenye ukumbi alipoona, akasema nipelekwe kwenye mashindano nchi jirani ya Imarati, kwenye mteremko wao wa ndani ambao ni mrefu mara nyingi kuliko wetu. Alinitolea kibali cha kutoka na kurudi kwa siku mbili tu. Yalikuwa mashindano ya wafanyakazi wa kumbi za theluji. Unapita kati ya vijiti vyekundu na vya buluu, huruki hata kimoja, saa inakuhesabu. Nilikuwa wa tatu. Miguu yangu yote ilikuwa inatetemeka kwa baridi na woga, lakini nilikuwa wa tatu.

Kapten anasema anahitaji miaka miwili kunifanya mshindani wa kweli.

Mumeo,
Lawrence


Lorini, njiani
Februari 2017

Lawrence,

Nimepeleka barua yako. Salim wa bakala anasema mama alikuja kuichukua anaimba.

Mimi nimechoka, ndugu. Uliniambia hayo ya Imarati huko Riyadh na uso wako uliwaka kama taa: watu watano, kila mmoja na mguu mmoja, kila mmoja na ski moja na zile fimbo mbili zenye vibao vidogo vya ski huku chini. Nilidhani sasa utamwambia, kwa kuwa sasa una la kujivunia. Halafu Salim ananisimulia hadithi alizoambiwa na mkeo. Wafanyakazi wa kumbi za theluji?

Bosi wako ameweka picha yako kwenye mtandao. Mwanaume mweusi, mguu mmoja, theluji, medali. Madereva wote wa Al-Hindawiyah pale Jeddah wameiona. Wewe unadhani itachukua muda gani?

Mwambie kabla hajaambiwa.

Japheth


Al-Rawdah, Jeddah
17 Machi 2017

Lawrence,

Nimepata barua yako. Hongera kwa medali.

Usiniandikie tena habari za theluji. Niandikie kama umekula na kama uko salama.

Rispah


Olaya, Riyadh
9 Aprili 2017

Mama Emmah,

Hukuniita Baba Emmah. Tangu tumzae yule mtoto hujawahi kuniita jina langu kwenye barua. Kwa hiyo unajua. Au umechukia kwamba nateleza kwenye theluji nawe unapiga deki. Vyovyote vile, nimeandika barua hii mara tano, na hii ya tano ataondoka nayo Japheth hata kama ni mbaya.

Sina mguu wa kulia. Ulikatwa tarehe 21 Oktoba 2015, juu ya goti. Nilikuwa nimelala mahali tulipokatazwa kulala, foklifti ikanipanda. Sikuwa shujaa wa kitu chochote. Nilikuwa mvivu saa saba mchana.

Hiyo picha niliyokutumia, aliyeipiga alitaka kunipiga mzima. Mimi ndiye niliyemwambia aanzie kifuani.

Medali ni ya kweli. Mashindano yalikuwa ya watu wa mguu mmoja. Nashuka na ski moja, mikononi nina fimbo mbili zenye vibao chini. Kapten amefundisha askari wa kwao waliokatwa miguu na mabomu ya ardhini. Siku ile ya glavu nilikuwa narukaruka kwa mguu mmoja. Ndiyo maana aliuliza nani alinifundisha.

Sasa lile lingine. Kwa kweli ndilo lililonizuia kukwambia hili.

Siku ya harusi yetu ulitafuta kaka yako kwenye picha. Ulilia kidogo, ukaambiwa Jeremy ameshikwa na kichwa. Hakushikwa na kichwa. Nilimwita nyuma ya nyumba pale walipokuwa wapishi, nikamwambia, "Shemeji, kuna wageni wa Nairobi, na picha zitakaa miaka. Hiyo miguu na hayo magongo... kaa huku na wapishi, tutakuletea chakula." Yeye alisema, "Sawa, shemeji." Alikaa kwenye mfuko wa mkaa siku nzima, amevaa suti aliyoshonesha kwa ajili yako.

Mtu huyo ndiye anayemlea binti yangu. Ndiye anayetembea kwenye tope. Nilipozinduka hospitali nikaona shuka limelala bapa upande mmoja, sikuwaza wewe wala Emmah. Nilimwona Jeremy akinitazama kutoka kwenye ule mfuko wa mkaa.

Ndiyo maana sikurudi nyumbani. Ndiyo maana nilidanganya. Kama hunitaki tena, nitaelewa.

Lawrence


Al-Rawdah, Jeddah
2 Septemba 2017

Baba Emmah,

Miezi mitano umeingoja barua hii. Umedhani nimekukasirikia. Nimesikia kwa Japheth kwamba ulikataa kwenda mazoezini wiki tatu. Sikuwa na hasira. Nilikuwa sina uso wa kukuandikia, na sasa naandika hivyo hivyo bila uso.

Niliona picha yako kabla hujaniambia. Ilikuwa mwezi wa pili. Nilikuwa sebuleni namimina gahawa, madam, binti yake Lulwa na yule dada wa Taif wamekaa. Lulwa ana miaka kumi na mmoja, ana moyo mzuri. Akageuza tableti akasema, "Mama, tazama huyu maskini." Nikachungulia. Nilikujua kwa paji la uso kabla sijaona kitu kingine. Halafu nikaona kingine.

Hawakucheka, Baba Emmah. Afadhali wangecheka. Wote watatu walisema "maskini, maskini," ile sauti wanayotumia kwa paka aliyegongwa. Madam akaniuliza, "Rispah, huyu anatoka kwenu Kenya. Unamjua?"

Nikasema, "Hapana, madam. Kenya ni kubwa."

Nikaendelea kumimina. Mkono haukutetemeka. Hilo ndilo linaloniamsha, kwamba mkono haukutetemeka. Nilikukana kwa sababu nilijua sauti ile ya paka itageuzwa inielekee mimi, na mimi katika nyumba hii sina kitu kingine ila kwamba nina mume mzima Riyadh. Nilikuwa nimewaambia wewe ni msimamizi.

Nilienda bafuni nikasoma tena barua yako ya medali. "Miguu yangu yote ilikuwa inatetemeka." Nikakuandikia ile barua ya mistari mitatu. Ukadhani nimekukataa.

Na kuhusu Jeremy. Unaniungamia kitu ninachokijua kwa miaka kumi.

Nilikuwa chumba cha nyuma, Maryann, mpambe wangu, ananivalisha shela. Dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia kila neno, na "Sawa, shemeji" nilisikia pia. Maryann aliacha mikono hewani akaniangalia. Nikamwambia, "Funga hiyo pini, tunachelewa." Baadaye nikalia kwenye picha ili watu waone nalia. Hayo machozi uliyoyaona yalikuwa ya kujificha.

Wewe ulimwambia usoni. Mimi nilijificha nyuma ya dirisha nikaolewa. Tangu hapo sijawahi kumtaja Jeremy mbele yako bila kumsifia, na ulidhani ni upendo wa ndugu.

Kwa hiyo usiniombe msamaha mimi. Mwandikie yeye. Na mimi nitamwandikia yangu.

Nenda mazoezini.

Rispah


Olaya, Riyadh
4 Machi 2018

Mama Emmah,

Nimerudi juzi kutoka kwenye mashindano Lebanoni, kwao Kapten.

Nilidhani najua theluji. Hapa tunayo chini ya dari, na upepo unatoka kwenye mashine inayozimwa saa nne. Kule ni mlima. Hauna mwisho upande wa juu. Theluji ya kweli haitulii, asubuhi ni ngumu kama saruji, saa sita ni uji. Siku ya kwanza nilisimama juu na Kapten Nadim, nikaangalia chini, nikamwambia, "Kapten, mimi ni mtu wa kaunta ya viatu."

Akasema, "Halas, basi shuka uende kaunta. Njia ni hiyo hiyo moja."

Tulikuwa kumi na mmoja. Askari wa zamani wanne, Mjerumani mmoja aliyezaliwa bila mguu ambaye anashuka kama amemwagwa, wengine vijana wa pale. Kila mtu mara mbili, muda unajumlishwa. Mara ya kwanza nilishuka vizuri mpaka kijiti cha saba. Nikafika kwa kasi nisiyoijua, fimbo ya kushoto ikazama, nikaona anga, nikaona theluji, nikaona anga tena. Niliposimama nilikuwa chini ya kijiti bila kukipita. Sheria ni kwamba ukiruka kijiti umetolewa, labda upande tena ukipite.

Kupanda mlima kwa mguu mmoja wenye ski unajipanga pembeni, hatua moja ya shibiri, unaegemea fimbo, shibiri nyingine. Kapten alikuwa anapiga kelele kutoka pembeni, "Lawrence! Halas! Shuka tu, mara ya pili utarekebisha!" Hakukuwa na mara ya pili kwa aliyetolewa, naye alijua, alikuwa ananihurumia. Nikapanda. Watu wa saa wamesimama. Aliyenifuata anazuiwa juu kwa bendera. Sijawahi kutazamwa na watu wengi hivyo kwa muda mrefu hivyo nikifanya kitu kibaya hivyo. Nilikipita kijiti, nikashuka.

Mara ya pili sikuanguka.

Nimekuwa wa tisa. Zamani ningekuandikia "wa tisa kati ya kumi na mmoja" nikaishia hapo. Wawili walitolewa. Nilikuwa wa mwisho.

Kapten anataka nirudi msimu ujao. Anasema aliyepanda vile anaweza kufundishwa yaliyobaki. Bosi amekasirika kidogo, alitaka medali ya kuning'iniza mlangoni, amesema mkataba ukiisha mwezi wa tano hataufanya upya. Mjerumani alikuja akanishika mkono, akaniachia ski yake ya zamani.

Jeremy amejibu. Nilimwandikia tangu Oktoba nikadhani hatajibu kamwe. Barua ni fupi, nakunakilia yote:

"Shemeji, barua yako nimepata. Siku ile nilikula kuliko wageni, wapishi walinipa maini. Njiani nikirudi nililia. Yote mawili ni kweli. Dada yangu pia ameniandikia na yeye nimemjibu mambo yake. Ukija nyumbani usiniombe msamaha mbele ya watu, nitaona haya zaidi yako. Njoo kibandani, tufunge mlango, useme utakachosema, kisha tufungue. Emmah nimemwambia habari ya mguu. Ameuliza kama unauma. Utamjibu wewe. Jeremy."

Nimeisoma mara nyingi. Hakusema amenisamehe. Amesema mlango upo.

Mumeo,
Lawrence


Al-Rawdah, Jeddah
11 Aprili 2018

Baba Emmah,

Nimemwambia madam.

Nilingoja Lulwa aende shule, nikamkuta madam peke yake anachambua mboga za majani. Nikasema, "Madam, yule mtu wa theluji mwaka jana, uliniuliza kama namjua. Ni mume wangu." Alimaliza shada alilokuwa ameshika. Kisha akauliza, "Kwa nini ulisema hapana?" Nikamwambia, "Niliona haya." Hakusema maskini. Aliweka kisu chini, akaenda chumbani, akarudi na simu yangu. Akasema nikae nayo mpaka mkataba wangu uishe, ni wiki tano tu. Sijui kama ni wema au ni kwamba na yeye aliona haya. Sikuuliza.

Japheth alinitumia video ya Lebanoni. Nimekuona mzima, Baba Emmah. Mara ya kwanza tangu tuagane Nairobi.

Nitakwambia ukweli, maana tumeamua hivyo. Sikujivuna. Ulipoanza kupanda kile kilima nilitamani ushuke. Suruali yako imekunjwa na kufungwa kwa pini, watu wote wanangoja, nawe unajisogeza pembeni kama kaa. Nilizima. Nikaona haya kwa kuzima, nikawasha tena. Nikazima. Mara ya tatu ndiyo nilifika mpaka mwisho. Kwa hiyo usidhani nimeshapona. Nikitua Nairobi na wewe, watu wakitugeukia, najijua, nitataka kutazama pembeni. Nishike mkono nisitazame pembeni.

Lakini kuna kitu nataka. Umeniandikia mlima, upepo, vijiti, fimbo. Umeniandikia vizuri mpaka nimehisi baridi. Hujawahi kuniandikia unavyoamka asubuhi. Hujaniambia unaendaje bafuni. Hicho kigutu kinafananaje, unalalaje, unavaaje suruali. Mimi siendi kuishi na mtu wa kwenye video.

Niandikie hayo kabla hatujaonana. Nisije nikashtuka mbele yako ukaona uso wangu.

Rispah


Olaya, Riyadh
30 Aprili 2018

Mama Emmah,

Ningeweza kukupigia sasa, simu unayo. Nimeona mambo haya ni ya karatasi.

Asubuhi nasahau. Mpaka leo. Nikiamka natoa miguu miwili kitandani, na mmoja haupo, na mwili unaenda upande ule. Nimeanguka mara tatu mwaka huu, mara ya mwisho wiki jana, na medali yangu iko ukutani juu ya kichwa changu. Sasa nimezoea kukaa kwanza. Nakaa mpaka nikumbuke.

Kigutu kinafanana na kiwiko kikubwa. Kina mshono unaozunguka chini, umepinda kidogo upande wa ndani, rangi yake imekuwa nyeusi kuliko ngozi nyingine. Kikipata baridi ya ukumbi kinakuwa cha zambarau. Mchana hakiniumi. Jioni vidole ambavyo havipo vinaniwasha, hasa kile kidogo, na hakuna pa kukuna. Nakuna shuka.

Nalala ubavu wa kushoto. Nikilala wa kulia kinagusa godoro naota ya foklifti.

Suruali navaa nimekaa. Mguu wa kushoto kwanza, kisha nakunja upande wa kulia mara tatu, pini mbili. Kwenda bafuni narukaruka, nashika kitanda cha Mbangladeshi tunayekaa naye chumba kimoja, nashika kabati, nashika mlango. Anaitwa Rafik. Hajawahi kuniangalia wala kuacha kuniangalia, ananipa sabuni tu. Bafuni naoga nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Naufunga mlango kwa komeo na kamba. Hakuna mtu amewahi kuniona pale, hata Japheth, hata Kapten ambaye ameona vigutu vya jeshi zima.

Ndiyo hivyo. Nilipomaliza kuandika hapo juu nilitaka kuchana, sijachana.

Mguu wa bandia Kapten anasema kuna fundi kwao anayeweza. Labda Januari nikirudi mlimani. Labda sitarudi. Ski ya Mjerumani nakuja nayo, ni ndefu, itatupa shida kwenye ndege.

Bosi amesaini karatasi ya kutoka. Nitapanda basi kuja Jeddah tarehe 15, ndege yetu ni tarehe 16 saa nane mchana. Japheth atakuchukua wewe kwanza, kisha mimi kituoni. Nitakuwa nimekaa. Ukishuka garini nitasimama, na nikisimama huwa nayumba kidogo mara ya kwanza, siyo kwamba naanguka. Usikimbie kunishika. Subiri nisimame. Kisha njoo.

Mume wako,
Baba Emmah